Marikebu Iliyoleta Maradhi: Habari za Visiwa vya Samoa

Jioni ya leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalohusu kila mji na kila nyumba, nalo ni hili: watu wanaoishi pamoja yawapasa kufanya nini maradhi makubwa yanapokuja kutoka nje? Sitasema juu ya dawa, maana hayo ni maneno ya waganga. Nitasema juu ya amri, na habari, na imani baina ya watawala na watu wao. Kwa kuwa mara nyingi mambo haya matatu ndiyo yaliyowatenga walio hai na waliokufa, kabla hata mganga hajafungua mkoba wake.

Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Ni neno jema, nasi tumelelewa nalo. Lakini iko siku mgeni huja na maradhi, naye mwenyewe hajui, na mwenyeji hufa kwa kumpokea. Siku hiyo watu watafanyaje ili wasivunje utu wao, wala wasiangamize watoto wao? Sidhani kama yako mahali pengine mambo yanayojibu swali hili waziwazi kama yale yaliyotokea katika visiwa vya Samoa mwaka 1918.

Visiwa viwili, watu wamoja

Samoa ni visiwa vilivyomo katika bahari kuu ya Pasifiki, mbali sana na pwani yetu. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Hulima magimbi na ndizi, na minazi ni mingi kama kwetu. Kila ukoo una mkubwa wake, ambaye wao humwita matai, na wakubwa hao hukutana katika baraza la kijiji liitwalo fono, wakaamua mambo ya watu wote. Lugha yao ni moja, desturi zao ni moja, na jamaa wa upande huu wameoa na kuolewa upande wa pili.

Lakini mwaka 1899 mataifa makubwa yalipatana kuvigawanya visiwa hivyo. Visiwa vya magharibi, yaani Upolu na Savai'i, vilichukuliwa na Wadachi, na mji wake mkubwa ni Apia. Visiwa vya mashariki, ambavyo kikubwa chake ni Tutuila chenye bandari ya Pago Pago, vilichukuliwa na Marekani. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wa New Zealand waliingia Apia wakaitwaa Samoa ya magharibi. Hivyo hata mwaka 1918 watu wale wamoja walikuwa chini ya serikali mbili: Kanali Robert Logan alitawala Apia kwa jina la New Zealand, na Kamanda John Martin Poyer, mtu wa manowari za Marekani, alikuwa Gavana huko Pago Pago. Kati ya Upolu na Tutuila ni bahari ya maili 40 hivi tu.

Kumbukeni neno hilo, kwa kuwa ndilo linaloyafanya mambo haya kuwa somo kwetu. Hewa yao ilikuwa moja, chakula chao kimoja, nyumba zao za namna moja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mmoja. Kilichokuwa mbalimbali ni maamuzi.

Homa ya 1918

Mwaka huo, vita vikiwa karibu kwisha, homa ya mafua makali ilienea duniani kote. Wataalamu wanakadiria kwamba watu milioni 500 waliugua, na ya kwamba waliokufa hawakupungua milioni 50, yaani zaidi ya waliouawa na vita yenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki nayo haikupona. Ugonjwa ulishuka bandarini pamoja na wasafiri, ukapanda bara pamoja na garimoshi na misafara ya askari na wapagazi.

Homa hii yaletwa na virusi, vidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, hutoa matone madogo ya mate yenye virusi hivyo, na aliye karibu naye huyavuta kwa pumzi. Baada ya siku moja hata nne, naye huanza kuugua. Tena aweza kuwaambukiza wenzake kabla hajajua kwamba hajambo lake limekwisha. Katika mwaka 1918 hapakuwa na chanjo ya kuuzuia, wala dawa ya kuponya kichomi kilichoufuata, ambacho ndicho kilichoua wengi. Na ajabu yake ni kwamba haukuchagua wazee na watoto peke yao. Uliwaua sana vijana na watu wazima wenye nguvu, wale walimao, wavuao na kupika.

Basi ikiwa dawa haipo, silaha iliyobaki ni moja: kumtenga mgonjwa na mzima. Silaha hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, katika pwani ya bahari ya Adria, uliamuru kwamba wageni watokao nchi zenye tauni wakae mahali pa peke yao siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye mji wa Venezia ulizifanya siku kuwa 40, na kwa lugha ya Kiitalia arobaini ni quaranta. Hapo ndipo lilipotoka neno letu karantini.

Marikebu Talune

Tarehe 30 Oktoba 1918 marikebu ya moshi iitwayo Talune iling'oa nanga katika bandari ya Auckland, New Zealand. Wakati ule homa ilikuwa imekwisha kuenea Auckland. Marikebu ikafika Suva katika visiwa vya Fiji, na huko wakuu wa bandari waliitia karantini, wala abiria hawakuachiwa kushuka na kutembea mjini kama kawaida. Ikaendelea na safari yake, na tarehe 7 Novemba ikaingia Apia, ndani yake wakiwamo watu wagonjwa.

Huko Apia hapakuwa na onyo. Serikali ya New Zealand haikupeleka habari ya kuwatahadharisha wakuu wa Samoa, na ukaguzi wa marikebu haukuwa wa kutosha. Abiria wakaruhusiwa kushuka, wagonjwa na wazima pamoja. Jamaa waliokuja kuwalaki waliwakumbatia kwa furaha, kama sisi tunavyofanya mtu wetu akirudi kutoka safari. Abiria wakaenda makwao, kila mtu kijijini kwake.

Haikupita juma moja ila homa ilikuwa imeenea Upolu yote, ikavuka hata Savai'i. Ikaingia nyumba baada ya nyumba, ikawalaza wote waliomo mara moja. Hapa inatupasa kufahamu jambo moja. Mtu mmoja akiugua nyumbani, wengine humtunza. Lakini wote wakilala siku moja, nani atateka maji? Nani atawasha moto? Wako wengi ambao huenda wangalipona kama wangalipata mtu wa kuwapa maji na uji. Walikufa kwa njaa na kiu juu ya mikeka yao, huku magimbi yakiwa shambani. Maiti wakawa wengi kuliko wachimba makaburi, wakazikwa pamoja katika mashimo makubwa bila ya heshima za desturi. Mahali pamoja pa maziko hayo ni Vaimoso, karibu na Apia.

Hata homa ilipopungua, watu wapatao 8,500 walikuwa wamekufa katika watu 38,000 hivi. Kwa hesabu ni sehemu 22 katika 100. Wanafunzi, fikirini kijiji chenu. Hesabuni watu 5 mlioketi nao jana, kisha mtoeni mmoja. Mfanye hivyo nyumba kwa nyumba, hata kijiji kiishe. Na wazee waliokuwa wakishika nasaba za koo na mila za nchi walikuwa wengi katika waliokufa, hivyo elimu waliyokuwa nayo ikazikwa pamoja nao.

Upande wa pili wa maji

Sasa tuvuke maili zile 40 twende Tutuila. Gavana Poyer alikuwa akipata habari za dunia kwa simu ya upepo, akasikia jinsi homa inavyoua katika nchi nyingine. Hakungoja ugonjwa ufike ndipo aanze kutafakari. Aliamuru kila chombo kiingiacho kikaguliwe, na watu wake watengwe mpaka ijulikane kwamba ni wazima. Na alipojua yaliyotokea Apia, alizuia vyombo vya kutoka huko, hata marikebu ya barua.

Lakini fahamuni kwamba amri ya karatasi haiwezi kulinda pwani. Kisiwa kina ghuba nyingi, na mtu mwenye mashua aweza kuvuka usiku asionwe na askari yeyote. Gavana hakuwa na askari wa kutosha kuzilinda zote. Waliozilinda ni watu wenyewe. Wakubwa wa vijiji waliyapokea maneno hayo, wakayazungumza, wakayafanya kuwa yao. Vijana wakawekwa zamu pwani ili kuzuia mashua zisitue. Mashua zilizotoka upande wa magharibi zilirudishwa. Na katika mashua hizo hawakuwamo adui, bali ndugu, na wakwe, na marafiki.

Hilo halikuwa jambo jepesi. Kumwambia ndugu yako arudi baharini, nawe wajua kwamba huko atokako ni msiba, ni mzigo mzito moyoni. Tena biashara ilipungua, barua hazikuja, na watu hawakuweza kwenda kuwazika jamaa zao. Walivumilia hayo yote. Na matokeo yake ni haya: katika Samoa ya mashariki, yenye watu 8,000 hivi, hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Baadaye serikali ya Marekani ilimpa Poyer nishani, na ni haki yake. Lakini sehemu kubwa ya nishani hiyo ni ya wale vijana waliokesha pwani.

Msaada uliokataliwa

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Homa ilipokuwa ikiwaangamiza watu wa Apia, Gavana Poyer alipeleka habari kwa simu ya upepo akitaka kujua kama aweza kutoa msaada. Huko Pago Pago walikuwapo waganga na wauguzi wa manowari ambao hawakuwa na kazi nyingi. Kanali Logan hakuupokea msaada huo. Tena alipochukizwa na habari kwamba marikebu ya barua itokayo Apia imetiwa karantini upande wa pili, alikata mazungumzo ya simu baina ya Apia na Pago Pago. Msaada kutoka nje ulifika tarehe 3 Desemba, manowari Encounter ya Australia ilipoleta waganga na dawa. Na kufika siku hiyo, wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mwaka 1919 serikali ya New Zealand iliweka tume ya kuchunguza mambo hayo. Tume ilisikiliza mashahidi, ikaona kwamba kulikuwa na uzembe na makosa katika kazi ya serikali. Na msimkusanyie lawama zote mtu mmoja, maana hapo tutapotewa na somo. Kosa lilianza Auckland, ambako marikebu iliachwa iondoke. Likaendelea ofisini, ambako hakuna aliyeona kwamba ni kazi yake kupeleka onyo. Likatua bandarini, ambako ukaguzi ulikuwa wa haraka. Likamalizikia katika kiburi cha kukataa mkono wa jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa nyufa zilikuwa nne, kila mtu akidhani kwamba mwingine ataziba.

Watu wa Samoa hawakusahau. Huzuni ile iligeuka kuwa kutoamini serikali, na katika miaka ya 1920 watu waliungana katika chama kiitwacho Mau, wakadai kujitawala. Tarehe 28 Desemba 1929 askari polisi waliwapiga risasi wana wa Mau waliokuwa wakipita kwa amani katika njia za Apia, na mmoja wa waliokufa ni mkubwa wao, Tupua Tamasese Lealofi III. Samoa ya magharibi ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Na mwezi Juni 2002 Bibi Helen Clark, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand, alikwenda Apia, akaomba radhi mbele ya watu kwa mambo hayo, ikiwamo marikebu Talune. Ilikuwa karibu miaka 84 imepita tangu ilipotia nanga.

Mitihani miwili ya baadaye

Mtu aweza kusema, “Hayo ni ya kale, siku hizi kuna chanjo.” Ni kweli, lakini chanjo nayo yataka imani. Julai 2018 watoto wachanga wawili wa Samoa walikufa baada ya kuchanjwa, kwa sababu dawa ilikosewa katika kuchanganywa. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, na wazazi wengi wakaogopa. Kufika mwaka 2019 watoto wengi hawakuwa na kinga. Surua iliyokuwa imeenea New Zealand ikavuka bahari, ikafika Samoa. Watu zaidi ya 5,700 waliugua, na 83 wakafa, wengi wao watoto wadogo.

Lakini tazameni walivyofanya safari hii. Serikali ilitangaza hali ya hatari mwezi Novemba, ikafunga shule, ikafanya chanjo kuwa lazima. Tarehe 5 na 6 Desemba 2019 ofisi na maduka vilifungwa, watu wakaambiwa wakae nyumbani, na kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa itundike kitambaa chekundu mlangoni au barabarani. Waganga na wauguzi wakapita vijiji vyote wakifuata vitambaa hivyo, na watumishi wa serikali wakiwasaidia. Mwenye kitambaa hakuaibishwa. Kitambaa chake kilikuwa wito wa kumleta mganga mlangoni. Kabla ya mwaka kwisha karibu watu wote waliotakiwa kuchanjwa walikuwa wamechanjwa, na hali ya hatari ikaondolewa.

Mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona. Samoa ilifunga mipaka yake mwezi Machi 2020, na kwa muda wa karibu miaka 2 ugonjwa haukuenea vijijini. Wao hawakuhitaji kuelezwa sana maana ya marikebu yenye wagonjwa. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2022, watu wazima wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na waliokufa walikuwa makumi machache tu. Mipaka ikafunguliwa tena tarehe 1 Agosti 2022. Gharama yake haikuwa ndogo. Hoteli zilikaa tupu, na vijana waliokuwa ng'ambo walikawia kurudi makwao. Lakini mlango uliofungwa hufunguliwa, na kaburi halifunguliwi.

Tunajifunza nini?

Kwanza, habari ni dawa ya kwanza. Apia na Pago Pago zote zilikuwa na simu ya upepo. Upande mmoja habari ilipokewa ikafanyiwa kazi. Upande wa pili aliyekuwa nayo hakuipeleka, na aliyeihitaji hakuiuliza. Basi mtu yeyote mwenye kazi ya kupeleka habari, awe karani wa bandari, au mwalimu, au mjumbe wa kijiji, asiseme, “Nani atanisikiliza mimi?” Labda uhai wa watu wengi umo katika kinywa chake.

Pili, amri ifike mapema. Karantini ya juma moja kabla ya ugonjwa kuingia yafaa kuliko karantini ya mwaka mzima baada ya kuenea.

Tatu, amri yataka watu wanaoielewa. Serikali haiwezi kuweka askari katika kila kichochoro. Wakielezwa sababu, wakubwa wao wakashirikishwa, watu watajilinda wenyewe. Wakiamrishwa tu bila ya maelezo, watatafuta njia ya panya.

Nne, atengwaye asiachwe. Mtu aliyezuiwa kutoka nje apelekewe chakula na maji, na kila nyumba ijue jirani atakayeitazama ikiwa wote watalala. Kumtenga mtu bila ya kumtunza si karantini, ni kumtupa.

Tano, mwenye cheo asione haya kuomba msaada. Heshima ya mtawala ipo katika watu wake walio hai.

Nami narudia neno lile la mgeni na mwenyeji. Mkarimu wa kweli humpokea mgeni wake, akamjengea kibanda pembeni, akampelekea chakula na maji siku zote za kungoja, kisha siku zikiisha akamkaribisha ndani na kumkumbatia. Hapo ndipo mgeni huja, na mwenyeji akapona.

Mkirudi majumbani, wazee kwa vijana, ulizaneni: katika kijiji chetu, habari ya maradhi ikija usiku wa leo, nani ataipokea, nani ataitangaza, na nani atampelekea maji aliye peke yake? Kijiji chenye majina matatu tayari kwa maswali hayo matatu kimekwisha kuanza kujilinda.